Usishushe Barakoa Kuniamkia

Na hilo la ndevu sijalimaliza, Rehema. Mchana ulinikatisha kwa kicheko, ukasema, "Mama, wewe una wivu hata na wembe!" kisha ukachukua kanga yako ukaenda kumuaga bibi. Sasa umelala, begi lako liko mlangoni, na kalamu iko mkononi mwangu, kwa hiyo hapa hutanikatisha. Ndiyo, nina wivu na wembe.

Nilimbembeleza Daudi apunguze zile ndevu kabla ya harusi ili picha zitoke vizuri. Nilimbembeleza kwa maneno matamu, nikambembeleza kwa kuku wa kukaanga, nikanuna wiki nzima. Akaniambia mwanaume wa Itigi anakwenda na ndevu zake mpaka madhabahuni. Basi nikaolewa na ndevu zake, nikazizoea, nikazipenda, ikawa nikikaa kwenye meza yangu ya vitunguu hapa Mkiwa, kila gari linalosimama namwangalia dereva kidevuni kwanza. Halafu wewe unarudi kutoka chuoni, unamtazama mara moja unasema, "Anko, barakoa haishiki kwenye ndevu. Hewa inapita pembeni. Ukienda nazo kule ni sawa na kwenda uso mtupu." Basi. Kesho yake akarudi kutoka kwa kinyozi, kidevu kinang'aa kama yai. Hakubisha. Hakuniuliza hata mimi, mwenye ndevu.

Na kibaya zaidi, amependeza. Unajua nilimuuliza nini? Nilimuuliza, "Huko mnakokwenda kuna manesi wangapi?"

Akasema, "Watakuwa wamefunikwa uso mzima, mke wangu."

"Na macho je?"

Akacheka mpaka akakohoa, na alipokohoa mimi sikucheka tena.

Mama wengine usiku kama huu huandika mambo ya sweta, na usimwazime mtu sufuria, na usisahau kusali. Hayo unayajua, na usiyoyajua utayajua ukishapata chumba chako Nduguti. Mimi nataka kukuandikia jambo moja ambalo nimeshindwa kulisema kwa mdomo, kwa sababu kila nikianza unacheka au ninalia.

Kesho asubuhi watu wawili ninaowapenda kuliko watu wote duniani wanapanda gari moja, wananiacha. Wewe unaenda kuanza kazi ya afya, na kabla hata hujaona meza yako ofisini wamekupangia kile kijiji cha mbele ya Nduguti kilichofungwa kwa ugonjwa wa kifua. Mume wangu, ambaye bado kitenge chake cha harusi hakijafuliwa mara ya tatu, ndiye dereva wa gari la wagonjwa la hapo hapo, mpaka kijiji kitakapofunguliwa. Yeye atakuona wewe kila asubuhi. Wewe utamwona yeye kila asubuhi. Mimi nitaona malori.

Nikueleze wivu wangu vizuri, maana una matawi. Namwonea wivu Daudi kwa sababu yako. Miaka yote tangu baba yako afariki, Mungu amlaze pema, wewe ulikuwa wangu peke yangu. Ukipata mafua mimi ndiye ninayekushika paji la uso. Sasa ukipata joto atakayejua kwanza ni yeye. Halafu nakuonea wivu wewe kwa sababu ya Daudi. Usinicheke. Mimi ni bibi harusi. Mwanaume huyu akitoka Itigi hupitia hapa na chupa ya asali na kuniambia, "Nimeileta ione mwenzake." Mtu mzima, nina mvi, nikiambiwa hivyo nasahau bei ya vitunguu. Nilikuwa nafikiri mwaka wangu wa kwanza wa ndoa nitaamka kila siku nikimsikia anapasha injini uani huku anaimba bezi ya kwaya peke yake, bila wenzake wa sauti nyingine. Badala yake nimeamka na mwezi wa karantini.

Lakini wivu, mwanangu, mimi nimeshaujua unakoishia, na wewe unajua kwa sababu ulilipia. Unakumbuka kipindi cha korona, Daudi alipougua? Alikuwa bado ni mpangaji tu wa chumba cha nyuma ya meza yangu, mjane mwenzangu, dereva mpole anayenunua mayai mawili na kusahau chenji. Alipotoka hospitali wakamwambia akae chumbani peke yake kwanza. Mimi nilikuwa naweka uji mlangoni, nabisha hodi, narudi nyuma. Ndivyo nilivyoanza kumpenda, kwa sauti tu, mlango ukiwa katikati. Kungebaki hivyo hakuna ambaye angeumia. Lakini kulikuwa na yule muuguzi wa zahanati aliyekuwa anakuja kumwangalia. Yeye alikuwa anaingia. Anavaa vitu vyake vyote pale nje, anaingia, na mimi mwenye uji nabaki nje nasikia wanaongea. Siku moja alicheka mle ndani, na Daudi akacheka. Nikabeba bakuli langu, nikasukuma mlango, nikakaa kitandani kwake hivi hivi nilivyo, kanga kichwani na uso wazi. Nilitaka nimlishe mimi.

Nikamlisha. Na kikohozi nikakipata. Wewe ukaacha mitihani yako ukaja kunigeuza kitandani huku dirisha liko wazi na upepo wa Singida unapeperusha kila kitu, na mwaka ukapotea. Hukuniambia neno baya hata siku moja. Mimi ndiye ninayejisema. Yule muuguzi alikuwa amevaa, ndiyo maana alikuwa na haki ya kuingia. Mimi nilifikiri upendo unatosha kuwa nguo.

Daudi naye mpaka leo akipanda kilima kifua kinapiga filimbi. Wewe umesikia, mimi husikia akiwa amelala. Ndiyo sababu siwezi kucheka anapokohoa. Akiugua tena, sijui kama atarudi. Hilo ndilo ninaloliogopa, nimeliandika sasa, na sitaliandika mara ya pili.

Sasa nije kwenye jana.

Jana jioni mlikuwa uani, mnafanya mazoezi ya kuvaa na kuvua. Mimi nilikuwa jikoni nasonga ugali, nawaona kupitia mlangoni. Umemsimamisha mbele yako kama mtoto wa darasa la kwanza. "Mkanda wa chini kwanza, shingoni. Wa juu kichwani. Bana chuma puani. Sasa ifunike kwa viganja utoe pumzi. Unasikia upepo machoni?"

"Sisikii, dokta."

"Mashavuni?"

"Sisikii, dokta."

"Mimi siyo dokta. Haya, niangalie na mimi."

Naye akainama, dereva mzima na kitambi chake, anakukagua pua, mashavu, kidevu, taratibu, kama anavyokagua tairi kabla ya safari. Ukamwambia huko hakuna anayevaa peke yake. Kila mtu ana mwenzake, na mwenzako ndiye kioo chako, ukiingia bila kukaguliwa hujavaa. Kisha mkafanya kuvua: mikono isiguse mbele, shika mikanda kwa nyuma, inama, iache idondoke, nawa. Akakosea, akaishika mbele, ukampiga kiganja, "Umeshaugua! Rudia!" Mkacheka wote wawili. Nyuso zenu zimefunikwa lakini mabega yanacheka.

Mimi ugali ukaanza kuungua. Nikajiuliza, hawa wawili tangu lini? Wewe uliyekuwa ukimsalimia na kutoka, unakula chumbani kwako, unamwita anko kama mtu aliyekuja kununua mahindi. Mimi nilikuwa naomba Mungu kila siku mpatane, na mlipopatana roho ikaniuma kwa sababu mmepatana bila mimi. Ndivyo nilivyo.

Basi nikaamua kuingia kwenye mchezo. Nikachukua shuka la Daudi nikajifunga kama mzee wa kule, nikachukua mwiko ukawa fimbo, nikakaa kwenye kigoda katikati ya ua nikakohoa. Nikasema kwa sauti nzito, "Ninyi mliofunga midomo, mnatoka wapi? Kwetu wezi ndio wanaofunga midomo."

Ulikuwa unajizuia kucheka. Ukasema vizuri kabisa, "Sisi ni watu wa afya, babu, tumekuja kukuangalia."

Nikasema, "Watu wa afya hawana adabu? Hamuamkii watu?"

Na Daudi, kabla sijafunga mdomo, akaishika barakoa kwa mbele, akaishusha mpaka kidevuni, akapiga hatua, akainama karibu kabisa na uso wangu. "Shikamoo, mzee."

Nilikuwa nataka kucheka. Ndipo ukapiga ile kelele. "Baba! Baba, umekufa!"

Kuku waliruka. Daudi akabaki ameinama vile vile, uso wake mtupu mbele yangu, kile kidevu cheupe, na macho yamemtoka. Sijui ni kwa sababu umesema amekufa au kwa sababu umemwita baba. Mimi nilisikia yote mawili na sikujua nilie kwa lipi.

Akasema polepole, "Mkono umekwenda wenyewe."

Ukamwambia, "Ndiyo maana tunafanya mazoezi." Na mimi, kwa ukaidi wangu, kwa sababu nilikuwa nimeona mume wangu akifa mbele yangu kwa mchezo wangu mwenyewe na nilitaka mtu wa kugawana naye hofu, nikakugeukia wewe. Nikaiacha sauti ya mzee nikachukua ya bibi yako, ile ya puani, nikasema, "Na wewe, mjukuu wangu, chuo kimekufundisha kuniamkia umeziba mdomo?"

Mkono wako ukapanda, Rehema. Nimeuona. Vidole vikashika ukingo wa barakoa puani. Uliusimamisha hapo hapo, lakini ulipanda.

Sijalala vizuri tangu jana kwa ajili ya huo mkono, kwa sababu naujua. Ni mimi niliyeufundisha. Ulikuwa mdogo, ulikuwa na mafua, tukaenda kwa bibi siku ya mavuno ya alizeti. Ulimsalimia huku umeziba mdomo kwa upindo wa kanga yangu. Nadhani ulikuwa na akili kuliko sisi sote; hukutaka kumkoholea. Mimi nikakupiga kofi mbele ya mashangazi zako. Nikasema, "Mkubwa haamkiwi na mdomo uliofungwa. Fungua uso, mtu akuone." Ukaufungua, ukalia, ukasema shikamoo. Bibi akaitikia marahaba, na wote wakanisifu kwamba ninajua kulea. Niliondoka pale nimevimba kichwa kwa sifa.

Na nililea kweli. Daudi naye kalelewa hivyo hivyo na mama yake kule Itigi, na kila dereva na kila muuguzi atakayekuwa nanyi kalelewa hivyo. Kijiji kile kina wazee. Mtaingia nyumba ya mzee anayekohoa, atawatazama, atanyamaza, na ule ukimya wake utavuta mikono yenu kuliko sumaku. Hakuna somo la chuo litakaloshinda kofi la mama. Ndiyo maana ni lazima mimi mwenyewe niliyepiga niliondoe.

Basi naliondoa. Nakuruhusu, mimi mama yako, umwamkie mkubwa na mdomo uliofungwa. Akikutazama vibaya, mwambie mama kanituma hivi. Akisema mama yako hana adabu, kubali. Mimi nitalibeba.

Lakini nimefikiri pia, maana nimekaa barabarani miaka mingi na najua watu wanavyoogopa mtu asiye na uso. Basi la abiria likisimama hapa, mwenye kofia imeshuka machoni hauziwi hata karanga, watu wanajua tu hana nia njema. Kwa hiyo nilimwambia Daudi leo alfajiri, na ninakuambia na wewe: msivae ndani ya gari. Daudi asimamishe gari mbali, kule kwenye kamba iliyofunga njia ya kijiji, vioo vyote vikiwa chini. Mshuke na nyuso wazi. Mpunge mikono. Muite kwa sauti kubwa, "Shikamooni wazee! Mimi ni Rehema, mjukuu wa fulani, huyu ni Daudi wa Itigi!" Kaeni hapo hapo, msisogee, mpaka waitikie. Wakishaitikia, ndipo mvae, mbele ya macho yao, mmoja akimkagua mwenzake. Wataona mnakotoka na wataona ni nyuso zipi zinaingia chini ya vile vitambaa. Salamu itakuwa imeshalipwa nje. Ndani hamtadaiwa.

Daudi aliposikia alisema, "Hili la kwako linafaa kuliko yote niliyosikia." Nimelificha hilo neno moyoni kama bibi harusi anavyoficha pete wakati wa kuosha vyombo. Kwa hiyo na mimi nimo humo garini, mnasikia? Kila mtakaposimama kwenye kamba, mimi nimo.

Kuna jambo jingine dogo. Chakula. Uliniambia mwenyewe kwamba watu wa kazi hizi wengi hawaugulii kwa mgonjwa, huugulia kwenye hema la chai, wamechoka, wamevua, wamekaa goti kwa goti. Nakujua wewe utakaa pembeni na sahani yako. Daudi sina hakika naye. Huyu mtu hajui kula peke yake. Akiona sinia la ugali na mlenda anamwita hata anayepita na baiskeli. Alikuwa mjane muda mrefu, na nadhani alikula peke yake mpaka akachoka. Mpakulie kwenye bakuli lake, mwambie akae upande unaotoka upepo, na umwongeleshe kutoka mbali ili asione ni adhabu. Piga kelele kama mko mlimani mnachunga mbuzi. Akikataa, mwambie Mama Rehema kasema. Akikataa bado, mwambie umesema wewe. Wewe anakusikia. Nimeona kwa macho yangu, kidevuni pake.

Nimeandika mpaka hapa wivu umepungua kidogo, halafu umerudi kwa njia nyingine. Nimewaza hivi. Mimi nilimwomba ndevu, hakunipa. Alikupa wewe bila kuombwa mara mbili. Nilikuomba wewe umwite baba. Nilikuomba siku ya posa, nikakuomba siku ya harusi, nilikununulia hata viatu. Ukasema, "Nitajaribu, mama," ukaendelea na anko. Jana umempa mbele ya kuku na ugali unaoungua, yeye hakuomba. Vitu viwili nilivyovililia mimi, mmepeana ninyi. Nifurahi au nigombe?

Asubuhi ya leo alinikuta nalia kwenye banda la kuku. Akaniuliza, "Unalia safari?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Basi mimi sikulala. Nilikuwa nasikiliza lile neno." Nikamuuliza neno gani, ingawa nilijua. Hakulitaja, aliona haya. Akasema tu, "Mama Rehema, kule kila atakachoniambia yule mtoto, nitafanya."

Basi mlinde, Rehema. Nakupa mume wangu umtazame usoni kila asubuhi, pua, mashavu, kidevu. Ndevu zikianza kuota tena mwambie, najua zinaota haraka. Mkague kama vile ungekuwa unanikagua mimi. Na yeye nimeshamwambia, "Mtoto wangu asipite kwenye ile kamba kabla hujamtazama." Nilipokuwa nasema hivyo nilikuwa nasaga meno, nikwambie ukweli. Nilitaka niwe mimi. Lakini mimi ndiye yule aliyesukuma mlango na bakuli la uji, na ninajua kwamba mikono yangu haifai kwa kazi hii. Ninapenda kwa kukumbatia. Ninyi kule mnahitaji mtu anayependa kwa kusimama mbali kidogo na kuangalia vizuri.

Nitajifunza, hata hivyo. Kabla mwezi huu haujaisha ninakuja. Nimeshaongea na dereva wa lori la vitunguu anayepandisha Nduguti, na jogoo mwekundu nimeshamfunga kamba mguuni ajue safari yake. Nitasimama upande wangu wa kamba. Sitavuka, hata nikimwona Daudi anaongea na nesi mwenye macho mazuri. Nitaita majina yenu kwa sauti ya bibi, ile ya puani, na nitakuwa nimevaa kitenge cha harusi ili mnione kutoka mbali. Usije mbio. Usiinue mkono kwenye uso. Simama hapo ulipo na barakoa yako imebana, na baba yako pembeni yako na yake imebana, mnitazame tu.

Mimi nitaitikia marahaba hata kama hujasema kitu.

Mama yako